Malaika Alirudi Mara ya Pili

Somo la juma hili: 1 Wafalme 19:1–8

Jumapili iliyopita, watu wakiwa bado wanapeana mikono nje ya kanisa, mama mmoja wa kwaya alinivuta kando karibu na mlango wa sakristia. "Baba Mchungaji," alininong'oneza, "bibi amerudishwa tena." Hakutaja jina, wala hakutaja amerudishwa wapi. Hapa kwetu neno hilo likisemwa kwa sauti ya chini kiasi kile, kila mtu anajua ni wodi gani inayosemwa.

Nimekaa na lile "tena" juma zima. Aliyelitamka ni mtu mwema, lakini ndani yake nilisikia uchovu wa usharika mzima. Tulimwombea bibi huyu. Tulimchangia. Mwezi Machi alisimama mbele ya madhabahu akatoa sadaka ya shukrani, amevaa kitenge kipya, nasi tukapiga vigelegele. Miezi minne haijaisha, naye yuko kitandani katika wodi ya wagonjwa wa akili kwa mara ya tatu katika miaka miwili. Ana miaka 71. Mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi Dar es Salaam, alinipigia simu Jumatano usiku. Alisema neno moja tu kabla sauti haijamkatika: "Tumechoka."

Nimeruhusiwa na familia kuandika haya, na nimebadilisha mambo madogo ili bibi asitambulike.

Sasa tumtazame Eliya. Juzi tu alikuwa juu ya Karmeli. Moto umeshuka, manabii wa Baali wameaibika, mvua imerudi katika nchi iliyokauka. Kama ni ushuhuda, hakuna ushuhuda mkubwa kuliko ule. Kisha malkia Yezebeli anatuma mjumbe kumtishia maisha, na nabii yule yule anakimbia. Angalieni jinsi anavyokimbia: akifika Beer-sheba anamwacha pale kijana aliyekuwa akimtumikia, naye anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anaketi chini ya mretemu. Anamwomba Mungu amtoe roho. Halafu analala.

Sisemi kwamba Eliya alikuwa na ugonjwa wa akili. Mimi si daktari, na hata daktari hawezi kumpima mtu aliyeishi karne ya 9 kabla ya Kristo. Ninachoona ni kwamba mwandishi wa kitabu hiki hakuona aibu kutuonyesha mtu wa Mungu aliyechoka, mwenye njaa, mwenye hofu, aliye peke yake, na asiyetaka kuishi. Wala hakuharakisha kumwinua.

Malaika anamgusa. Pana mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Hapa ndipo nilipokuwa napita haraka miaka yangu yote ya huduma, nikikimbilia ile sauti ndogo ya mlima Horebu. Analala tena. Ametembelewa na malaika wa Bwana, amekula mkate wa mbinguni, na bado amerudi chini kulekule alikokuwa amelala. Malaika naye anarudi. Mara ya pili anamgusa, mara ya pili anamwambia ale. Hamkaripii. Hamuulizi imani ile ya Karmeli imekwenda wapi. Sababu anayompa ni ya mwili kabisa: mwendo ulio mbele yake ni mrefu kuliko nguvu alizo nazo.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa bibi. Hospitalini nilikuwa nimekwisha kufika. Safari hii nilitaka kuiona nyumba aliyoirudia mwezi Machi, baada ya vigelegele vyetu.

Aliyenifungulia mlango ni mjukuu wake, mtoto wa miaka 9, mwanafunzi wa darasa la tatu. Tangu babu alipofariki, nyumba ile ina watu wawili, bibi na yeye. Jirani anamwangalia siku hizi ambazo bibi hayupo. Nilimwuliza dawa za bibi zinakaa wapi. Akapanda juu ya kigoda, akashusha kopo la majani ya chai kutoka juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya presha, vidonge vya hospitali ya akili vya aina mbili, diklofenaki zilizonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya magoti, na pakiti moja isiyo na jina. Chini kabisa kulikuwa na karatasi ya ruhusa, imekunjwa mara nne.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Jina la kila dawa lilikuwepo, na saa za kunywa. Tarehe ya kliniki ilikuwepo, na siku ya sindano ya mwezi. Dalili za kuwahi hospitali zilikuwepo, zimeandikwa kwa Kiswahili chepesi. Waliomruhusu walikuwa wametimiza sehemu yao. Bibi haoni herufi ndogo. Mwanawe yuko mbali. Mimi nilimwombea akiwa amepiga magoti mbele yangu na karatasi hiyo ikiwa kwenye mkoba wake, na sikumwomba anionyeshe.

"Nani alikuwa anampa bibi dawa?" nilimwuliza mtoto.

"Mimi, Baba Mchungaji. Asubuhi kabla ya shule. Nyeupe mbili na ya njano moja." Akanyamaza, akachezea mfuniko wa kopo. "Siku za mtihani nilisahau. Ni mimi niliyemfanya augue?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mara tatu, na sidhani kama aliniamini hata mara moja.

Watu wanaofuatilia wagonjwa waliotoka katika hospitali za akili, katika nchi nyingi na kwa miaka mingi, wameona kwamba aliyewahi kulazwa mara nyingi ndiye aliye karibu zaidi kulazwa tena. Wameona pia kwamba majuma ya kwanza baada ya kutoka ndiyo yenye hatari kubwa, na hatari ya mtu kujiua nayo hupanda katika siku hizohizo. Linganisheni na desturi yetu. Mgonjwa akiwa wodini tunakwenda kwa zamu, tunabeba ndizi na maziwa, tunaimba pambio kando ya kitanda. Akitoka tunasema Mungu ni mwema, na tunageukia msiba unaofuata. Tunamwacha palepale ambapo safari inaanza.

Kwa mzee mambo hubebana zaidi kuliko kwa kijana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wenye miaka 60 na kuendelea, kama 14 katika kila 100 wanaishi na tatizo la afya ya akili, na yanayoongoza ni sonona na wasiwasi. Hesabuni mabenchi ya mbele kanisani kwetu mtajua tunazungumza habari za nani.

Nesi wa kliniki alinikalisha akanieleza nilichokuwa sikijui. Figo na ini la mtu wa miaka 71 hufanya kazi taratibu, kwa hiyo dawa hukaa mwilini muda mrefu na dozi ileile huweza kumlemea. Kidonge cha kuzuia kukakamaa, kile wanachokiita benzheksoli, humsaidia kijana vizuri tu, lakini kwa mzee kinaweza kukausha mdomo, kufunga choo, kuzuia mkojo na kumvuruga fahamu. Halafu kuna maradhi yanayojificha. Kijana akipata maambukizi ya njia ya mkojo atakwambia panauma. Mzee anaweza asiwe na homa wala maumivu, badala yake usiku anaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Malaria huweza kufanya hivyo, nimonia nayo, hata kukosa maji ya kunywa siku mbili za joto. Nyumbani tunasema ugonjwa wake umerudi. Kumbe ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye tiba yake nyepesi, na anayecheleweshwa anaweza kufa nao. Wakati mwingine ni maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na hayo dawa ya kuzuia sauti za kichwani haiyaondoi. Wakati mwingine ni masikio tu: asiyesikia vizuri huona midomo ya watu inacheza, akadhani anasengenywa.

Na katika nchi yetu mzee aliyechanganyikiwa ana hatari nyingine, ya kuitwa mchawi. Kule kanda ya ziwa, bibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka 50 wakiwapikia watoto walewale. Siwezi kuandika habari za wazee na akili bila kuwataja. Damu yao inalia.

Nilirudi kwa mtoto na swali moja zaidi. Nilitaka kujua kwa nini pakiti ya vidonge vya njano ilikuwa bado imejaa, maana siku chache za mtihani zisingebakisha vingi kiasi kile. Alisita. Kisha akasema, "Bibi alisema vile vinamtia njaa sana. Na unga ulikuwa kidogo. Akaacha ili nile mimi."

Ndugu zangu, sikuwa na la kusema. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tunajiuliza kama bibi hana imani, kama ana kiburi, kama kuna laana katika ukoo. Alikuwa anagawa ugali. Ni kweli kwamba nyingi za dawa hizi huongeza hamu ya kula. Wengi wanaozitumia watakwambia kwamba dawa inataka chakula. Nyumba isiyo na chakula humlazimisha mtu kuchagua kati ya dawa na amani ya tumbo, na bibi huyu alichagua tumbo la mjukuu wake. Sasa someni tena pale jangwani. Kitu cha kwanza Mungu alichomtumia mtu aliyekata tamaa ya kuishi kilikuwa mkate. Neno lilikuja baadaye, kule Horebu.

Visiwani Zanzibar, tangu 2016, kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi hupata pensheni ya kila mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kiasi chake si kikubwa, lakini ni kilo kadhaa za unga. Huku bara mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure, jambo ambalo ni jema, ila nauli ya kwenda kliniki na kurudi hakuna anayemrudishia. Ninaamini siku moja tutafika walipofika ndugu zetu wa visiwani. Ila bibi anatoka wodini wiki ijayo.

Kuna utafiti mmoja uliofanyika London katika miaka ya 1950, ambao ningependa kila jumuiya iujue. Mtafiti aliyeitwa George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili baada ya kukaa huko muda mrefu. Walitazamia kwamba wanaorudi kwa wazazi au kwa wake zao ndio watakaokaa salama. Wakakuta kinyume. Waliorudi kwa mzazi au mke waliugua tena zaidi ya waliokwenda kwa ndugu zao au kupanga chumba. Kwa miaka iliyofuata walichunguza kinachotokea ndani ya nyumba hizo, na wakakuta kwamba kinachomrudisha mtu wodini ni aina fulani ya maneno: kukosolewa kila saa, kuchukiwa waziwazi, na kuangaliwa kupita kiasi kama mtoto mchanga. Wale hawakuwa wazee, wala hawakuwa Waafrika, kwa hiyo siwezi kuuchukua utafiti huo mzimamzima nikauweka hapa kwetu Usambara. Lakini nimeketi katika sebule nyingi za washarika wangu, na nimeyasikia maneno yale. "Umeanza tena?" "Unajifanya." "Dawa umekunywa? Hebu fungua mdomo nione." Yanasemwa na watu wanaopenda, waliochoka, wasio na wa kuwapokea zamu. Siwahukumu. Mkwe anayeamka usiku mara tano kumtafuta mama mkwe aliyetoka nje gizani, kisha alfajiri aende shambani, naye anahitaji mtu wa kumgusa bega na kumwambia ale.

Wazee wetu wa imani katika milima hii walilielewa jambo la nyumba kabla yetu. Kituo cha Lutindi kilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, watoto wasio na kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo kilipoanza kupokea wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla serikali ya kikoloni haijafungua Mirembe kule Dodoma mwaka 1927. Sioni kama ni bahati tu kwamba nyumba ya wasio na kwao iligeuka nyumba ya wagonjwa hawa. Inanisikitisha kwamba majina ya mahali kama hapo sisi tumeyafanya matusi. Mtoto akikosea shuleni anaambiwa apelekwe Mirembe. Kisha tunashangaa bibi anapoificha kadi yake ya kliniki chini ya godoro.

Nina jambo la kuungama mbele yenu. Mwezi Aprili kundi moja la maombi lilimtembelea bibi na kumwambia kwamba anayemeza vidonge baada ya kuombewa anamwonyesha Mungu kuwa hamwamini. Nilipata habari hizo. Niliona nikisema nitaonekana napinga maombi, nikanyamaza. Ninaamini maombi. Nimeona Mungu akifanya mambo ambayo sina maelezo yake. Lakini yule malaika hakumwambia Eliya kwamba mtu wa Karmeli hahitaji maji. Ukimya wangu ni sehemu ya safari ya bibi kurudi wodini, na nimemwandikia mwanawe kumwomba radhi.

Pia nimeacha kutumia neno "kupona" kama mlango unaofungwa. Wapo wanaopona kabisa, na tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Wengine, hasa walioanza kuugua zamani au waliofikwa na ugonjwa uzeeni baada ya kufiwa, wataishi nao kama anavyoishi na kisukari mzee wetu wa kanisa, ambaye amelazwa mara mbili mwaka huu bila mtu yeyote kunong'ona karibu na sakristia. Akilazwa yeye tunatangaza kwenye matangazo na tunachanga. Nimejiuliza sana tofauti iko wapi, na sijapata jibu ninaloweza kulisimamia mbele za Mungu.

Endeleeni kusoma sura ile mpaka mwisho. Kule Horebu Eliya analalamika kwamba amebaki peke yake, na analalamika mara mbili kwa maneno yaleyale, kama wazee wetu wanavyorudia hadithi. Mungu hamkatizi. Anamjibu kwa kumpa kazi, anamwambia kwamba wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumsujudia Baali, na anampa Elisha. Mtu aliyemwacha kijana wake Beer-sheba anarudi kutoka jangwani akiwa na mwenzake wa kutembea naye. Elisha hatamwacha tena, mpaka siku ya mwisho.

Jumamosi jioni tulikutana, watu sita wa jumuiya ya bibi, nyumbani kwake, mtoto akiwepo. Nilisoma karatasi ya ruhusa kwa sauti, mstari kwa mstari, mwanawe akisikiliza kwa simu. Ile ya safari hii ikitoka tutaisoma hivyohivyo siku hiyohiyo. Pakiti isiyo na jina na zile diklofenaki nitazipeleka kwa nesi aziangalie kabla bibi hajazigusa. Kaka mmoja mwenye bodaboda amechukua siku ya sindano, na jina lake limeandikwa ukutani karibu na kalenda. Mwanawe atatuma pesa ya unga kila mwisho wa mwezi kwa mtunza hazina wa jumuiya, na pale isipotosha jumuiya itaongeza. Jirani amepewa namba ya kliniki, apige bibi akianza kuchanganyikiwa usiku, asingoje mpaka asubuhi wala asiniite mimi kwanza.

Likabaki suala la vidonge. Nilimwambia mtoto kwamba kuanzia Jumanne, siku bibi atakayorudi, kazi hiyo si yake tena. Alinitazama kwa wasiwasi. "Nani atampa?"

Yule mama wa kwaya aliyeninong'oneza Jumapili alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Nyumba yake iko ng'ambo ya kisima. Akasema atapita kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na uji kwenye chupa ya chai, wa watu wawili. Kisha akamwita mtoto, akamwomba alete kopo amwonyeshe kidonge cha njano ni kipi.